Moshi kwa mtoto wa Majengo: Dar mpaka Kidia, na Tengeru kidogo

ALHAMISI, DAR – MOSHI

Nimesharudi Dar, haya nimeyaunga kutoka kwenye kidaftari na picha za simu, kwa hiyo bei ikipishana na jero msinishike shati. Safari yenyewe ilikuwa ya kipaimara cha mtoto wa dada Jumapili, ila nilitangulia mapema kwa sababu ya lile zogo la kikao chetu cha chama cha kuzikana, sisi tuliotoka Moshi tukahamia huku. Mnakumbuka jinsi ilivyokuwa: mmoja kasema mji wa Moshi Mjerumani aliujenga palepale mangi, yaani mtawala wa Kichaga, alipokuwa anakaa, mwingine kasema hapana, mji ulifuata reli, mara mzee wetu mweka hazina akagonga meza akasema nyie watoto wa Majengo mnabishana nini, hata Old Moshi kwenyewe, Moshi ya zamani kule juu mlimani, hamjawahi kupanda. Na mimi ndo huyo hapo. Nimezaliwa Mawenzi, nimekulia Majengo, shule humohumo mjini, Old Moshi naijua kwa kuisoma kwenye kioo cha mbele cha gari.

Basi nililipanda Mbezi saa 12 asubuhi, nauli elfu arobaini. Mpaka Segera hakuna cha kusimulia, nililala. Tukala Mombo, wali kuku elfu saba na kuku mwenyewe ni paja moja la huruma, ushauri wangu beba mayai na ndizi zako au subiri mbele ununue machungwa dirishani.

Mbele ya Mombo, maeneo ya Hedaru, tairi la nyuma likapasuka. Spea ipo, jeki ya kuinulia haipo. Konda akaanza kupiga simu huku akitembea mbali na abiria, si unajua ile staili. Tulikaa karibu masaa mawili na jua la kule halina adabu, miti yenyewe miiba mitupu, na pale ndo nilipomjua mama mmoja wa Kipare aliyekuwa anarudi Same kutoka kupeleka tangawizi sokoni Dar. Mwenye duka la karibu alikuwa anamfahamu, akatutolea benchi barazani na ndoo ya maji na kikombe, akakataa kabisa hela. Mama akanikatia kipande cha tangawizi akaniambia "tafuna baba, kichefuchefu cha basi kitakuacha". Nilitafuna mpaka machozi yakanitoka na kichefuchefu sikuwa nacho, lakini ungemkataliaje.

Lori likasimama, wakaazima jeki, tukaondoka. Same, Mwanga, Himo, giza linaanza kuingia tukashuka Moshi. Mlima hauonekani, Julai hii wingu limeshuka mpaka kwenye mabati. Gesti elfu ishirini na tano na chai ya asubuhi, blanketi moja, ukaomba la pili wanakupa. Anayetoka Dar mwezi wa saba aje na sweta kweli, sio kile kikoti cha kiyoyozi cha ofisini. Mi kesho yake nilikimbilia mitumba soko la Memorial nikanunua moja elfu tano, limeandikwa jina la timu ya mpira wa kikapu ya huko Marekani, nimelivaa mpaka kwenye kipaimara.

IJUMAA, MJINI

Nilianzia mnara wa saa. Pale ndo kila mtu wa Moshi anaanzia akitaka kuelekeza mgeni, na jengo la KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa, linakutazama. Wengi wetu tumesomeshwa na lile jengo hata kama hatujawahi kuingia ndani, maana ada zilikuwa zinasubiri kahawa ipelekwe chama cha msingi, halafu usubiri malipo ya pili, halafu baba aseme "mwambie mwalimu KNCU bado". Kwa wanaopenda miaka: wakulima walianza na chama chao KNPA mwaka 1925, ikaja KNCU 1933, na hiyo ni kati ya ushirika wa mwanzo kabisa wa wakulima Waafrika hapa kwetu. Yule mkuu wa wilaya Charles Dundas aliyewahimiza wapande kahawa baada ya vita ya kwanza, Wachaga walimpa heshima ya mzee wao, na baadaye akaja kuwa gavana wa Bahamas na halafu Uganda. Hii nimeiweka maalumu kwa yule ndugu aliyebisha kwamba Dundas ni jina la mtaa tu wa kubuni.

Kahawa kikombe katikati ya mji inaenda elfu tatu mpaka tano ukikaa kwenye viti vya watalii. Kahawa chungu kwa mzee mwenye birika la mkaa ni mia mbili na kashata juu. Chagua mwenyewe.

Kutoka hapo nikashuka Double Road taratibu. Mafundi charahani bado wapo barazani kama zamani, mstari mzima, wanapiga miguu. Nilisimama kwa mmoja anishonee kifungo cha koti, mzee wa miaka sabini na kitu, miwani imefungwa kwa uzi. Akavuta droo ya mashine, humo ndani kuna kijisanduku cha kiberiti cha Kibo, kile chenyewe, cha kiwanda chetu cha hapa Moshi, kimefutika rangi pembeni kote kimebaki karatasi nyeupe yenye vinyweleo, na ndani amepanga bobini nne na sindano zimechomekwa kwenye kipande cha sabuni. Nikamwambia shikamoo mzee, hicho kiberiti umekitoa wapi. "Marahaba. Sijakitoa popote, kimekaa." Anasema njiti ziliisha enzi hizo, sanduku likagoma kuchakaa.

Nikaomba kupiga picha akakubali, ila yeye mwenyewe asitokee, mikono tu.

Tukaanza stori. Alifanya kazi kiwanda cha magunia zamu ya usiku kabla hajashika cherehani, anasema vumbi la katani lilikuwa linakaa kwenye nyusi mpaka ukifika nyumbani watoto wanakukimbia. Nikamuuliza usiku wa uhuru alikuwa wapi. Alikuwa mtoto wa miaka minane, Njoro, baba yao akawatoa nje wote na mablanketi usiku ule wa kuamkia 9 Desemba 1961, watazame mlimani, maana walishaambiwa kuna mwanajeshi anapandisha mwenge na bendera Kibo. Walikaa mpaka jogoo. "Tuliona nini? Wingu. Lakini mzee alikuwa anasema ule pale, ule pale, na sisi tunasema ndio baba." Mwanajeshi mwenyewe ni Alexander Nyirenda, na kilele kile kabla ya hapo kilikuwa bado kinabeba jina la Kaiser Wilhelm, ndo kikaitwa Uhuru. Kifungo mia tano. Nilimpa buku, akanirudishia chenji, nikaiacha juu ya mashine, akanifuata nayo mpaka kwenye kona aisee.

Jioni nikaenda stesheni. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi 1911, ikachelewa sana kuendelea, Arusha imefika 1929. Treni ya abiria ilikufa tukiwa wadogo, ikarudi Desemba 2019, mnakumbuka zile video za watu wanakimbia nayo wanapiga vigelegele. Mlinzi alinikuta nahesabu mataruma, akadhani napima niibe, tukaelewana. Akanionyesha vile mji ulivyokaa: stesheni huku chini, maghala ya kahawa jirani yake, kiwanda cha kukoboa kahawa nacho upande huohuo wa reli, halafu maduka ya Wahindi yanapanda kuelekea juu, halafu Uzunguni kwenye miti. "Ukisimama hapa unaona kabisa mji ulipoanzia," akasema. Nikajiwekea alama kichwani, upande wa reli goli moja.

Anayetaka kusafiri na treni aulize siku na saa stesheni kabla ya kufunga begi, mvua zikisomba tuta safari zinasimamishwa na hakuna atakayekupigia simu kukwambia.

JUMAMOSI, OLD MOSHI

Sasa hii ndo siku yenyewe.

Gari za Kidia, kijiji cha huko Old Moshi, unazipata stendi ndogo, ila usiende kwa kuangalia saa, inaondoka ikijaa na kujaa kwake ni mpaka mlango ukatae. Nauli buku mbili. Tulipita Kiboriloni tukasimama tena dakika kumi na tano wakipakia ndoo za rangi na kuku wawili, nikapata muda wa chai kwa bibi mmoja mwenye kibanda, chapati mbili na chai ya maziwa buku jero. Kuanzia hapo ni kupanda tu. Hewa inabadilika ghafla, migomba inafunga barabara pande zote, mifereji inapiga kelele pembeni. Lami ikaisha utelezi ukaanza, mara gari ikagoma kwenye kona, wanaume shukeni. Tukashuka, tukasukuma, kiatu changu kimoja kikabaki kwenye tope, kijana wa boda akakichomoa akakipiga kwenye mgomba akanipa bila kusema neno.

Kidia kuna kanisa la Kilutheri, wamisionari wa Leipzig walikuwa na makao hapa, na yule Bruno Gutmann aliyeandika sana habari za Wachaga alikaa huku miaka mingi. Nilipita tu kwa nje, walikuwa na mazoezi ya kwaya.

Nikachukua boda mpaka Tsuduni, buku mbili tena. Kuna shule hapo, na mlinzi akamwita mzee mmoja wa jirani anitembeze, maana "hapa huwezi kutembea mwenyewe, utaona miti tu". Mzee alikuja na gambuti na fimbo. Nikamsalimia kwa Kichaga changu cha mjini, shimbonyi mbe, akacheka akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia ukoo. "Aa, nyie mlishuka zamani." Basi.

Alivyosimulia ninakuwekeeni kwa mpangilio, maana yeye alikuwa anaruka huku na huku. Mangi Rindi, ambaye wengine wanamwita Mandara, alifariki 1891 akamwachia kijana wake Meli. Juni 1892 Wajerumani wakapanda kumpiga, Meli akawatandika wao, kiongozi wao von Bülow akafia hukuhuku na waliobaki wakateremka mbio. Mzee alipofika hapo alisimama katikati ya njia akaonyesha kwa fimbo bonde, wametokea kule, wamekimbilia kule. Agosti 1893 wakarudi na jeshi kubwa chini ya gavana von Schele mwenyewe, safari hiyo Meli akashindwa, na hapohapo Mjerumani akaweka boma lake. Miaka ikaenda. Halafu 1900 wakamtuhumu kwamba anapanga njama na wakubwa wa Meru na Arusha, na tarehe 2 Machi wakamnyonga pamoja na wenzake, wote kumi na tisa, Wachaga, Wameru na Waarusha, siku moja.

Mti aliponyongewa Meli upo. Watu wameweka na sanamu ya Meli karibu yake, kichwa na mabega. Nilitegemea sijui nini, labda ukuta na tiketi na mtu wa sare, kumbe mtoto wa shule amepita chini yake na kidumu cha maji anaimba. Kichwa cha Meli wazee wanasimulia kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekidai miaka na miaka. Mzee hakuongea kwa hasira. Alisema tu "mtu anazikwa mzima", kisha akaniuliza kama simu yangu inapiga picha za jioni vizuri kwa sababu mwanga unaondoka.

Kwa hiyo ule ubishi wetu uko hivi. Moshi ya mangi ni hii ya huku juu, na boma la Mjerumani lilianzia hukuhuku. Reli ilipofika kule tambarare 1911, serikali na biashara vikashuka kuifuata, na mji tunaoujua sisi ukaota pale stesheni na jina likashuka nao, huku juu pakabaki kuitwa Old. Aliyesema reli kapata, aliyesema mangi naye ana robo yake, na mweka hazina kapata yote ila asijue nimeandika hivi.

Kinachonisumbua ni kwamba tumesoma shule miaka yote hiyo, tukaimba Kinjeketile na Mkwawa mpaka tukakariri, na hapa ni mwendo mfupi wa gari kutoka darasani kwetu na hakuna mwalimu aliyewahi kutupandisha. Wazungu wa mlimani wanaletwa kwa Noah. Watoto wa mjini tunaambiwa mkalime shamba la shule.

Kurudi gari hakuna. Saa 11 jioni ya mwisho imeshaondoka, na hili wekeni akilini, mkichelewa ni boda mpaka Kiboriloni na gizani watakuambia elfu kumi. Mke wa yule mzee akasema huwezi kushuka na njaa. Alikuwa nyuma ya nyumba anakoboa kahawa, buni nyekundu zinaingia juu kwenye mashine ya mkono, mwanae mdogo anamwagia maji, maganda yanatokea mbele na punje zinateleza kwenye beseni zina utelezi kama konokono. Alinionyesha: zinalazwa zichachuke, zinaoshwa mpaka ukizisugua zinalia kwaru kwaru, ndo zinaanikwa kwenye kichanja. Akaosha mikono akanipakulia kiburu (ndizi za kuponda) na maharage, na maziwa mgando kwenye kibuyu. Nikajaribu kuacha hela chini ya sahani. Mtoto akaniletea nje, "mama anasema umesahau". Nikanunua kilo mbili za ndizi ng'ombe kwake kwa bei ya Kariakoo, hiyo hakukataa.

JUMAPILI, KIPAIMARA

Kanisani saa nne mpaka saa nane, mahubiri marefu. Chakula: mtori, ndizi nyama, kisusio (supu ya damu) kwa wanaokiweza, ndafu imesimama mezani na majani mdomoni, mbege kwa wazee na soda kwa wengine. Mjomba wangu alisikia nilikuwa Old Moshi akaniambia "ulienda kutafuta nini huko". Ana miaka sitini na tano, mzaliwa wa Moshi.

JUMATATU, TENGERU NA ARUSHA

Coaster ya Arusha elfu nne, haikai kusubiri sana, inapita Boma Ng'ombe, njia panda ya KIA, Usa River. Nilishuka Tengeru kwa sababu kuna mwenzetu kikaoni alisema kuna makaburi ya Wapolandi watu wakamcheka. Yapo. Unaingia kupitia chuo cha mifugo, jitambulishe getini, wanakuelekeza vizuri. Wakati wa vita ya pili Wapolandi wapata elfu tano, wengi kina mama na watoto, waliletwa hapa kuanzia 1942 baada ya Stalin kuwafukuza kwao kuwapeleka Siberia, wakazunguka kupitia Iran mpaka wakatua chini ya Meru. Walikuwa na kijiji kizima, shule, kanisa, mashamba. Makaburi ni safi, misalaba imepangwa, majina marefu ya herufi z na w, mengine ni ya watoto wa miezi. Mtunzaji alikuwa anafyeka, akaacha panga akaja kunitembeza, hakutaja malipo, nikamwachia elfu tano ya soda. Ziwa Duluti liko hapo jirani ila sikuwa na muda.

Arusha yenyewe nilikuwa na mchana mmoja. Mwenyeji wangu akanipeleka makumbusho ya Azimio la Arusha kule Kaloleni, ilikuwa ukumbi wa jamii wa kawaida tu, halmashauri kuu ya TANU ikakaa humo 26 mpaka 29 Januari 1967, likatangazwa 5 Februari. Tulikuwa sisi na mwanafunzi mmoja amelala kwenye kiti. Mnara wa saa wa Arusha nao una ule usemi wa kuwa katikati ya Cairo na Cape Town. Nikamfungulia mwenyeji wangu ramani: Cairo nyuzi 30 kaskazini, Cape Town karibu 34 kusini, katikati inaangukia kama nyuzi 2 kusini, na Arusha iko 3 na ushee, yaani kwa kaskazini na kusini wamekosa kidogo tu, kwa mashariki na magharibi tusiulizane. Akanuna. Watu wa Arusha wana uchungu na ule mnara.

Kwenye daladala konda anaita Philips, Philips, na kijana jirani yangu hajui kwamba pale palikuwa na kiwanda cha redio. Nikamwambia. Akavua spika ya sikio moja, "kweli, bro?", akairudisha.

JUMANNE, KURUDI

Basi la saa 12, halikuharibika, saa 10 jioni nipo Mbezi.

Kwa wanaopanga kupanda Kidia mwezi ujao: ondokeni Moshi kabla ya saa 3 asubuhi, vaeni gambuti, bebeni chenji ndogo ndogo, na mkifika Tsuduni msianze kupiga picha kabla hamjamsalimia mtu. Yule bibi wa chapati Kiboriloni Jumapili hafungui. Na mwenye picha ya kiwanda cha magunia kikiwa bado kinafanya kazi aje nayo kikaoni, nimemwahidi fundi nitamtolea kopi.